Sumaku, mwanga na fundi wa paa: Neno ‘mkao’ linavyoweza kutufaa katika sayansi

“GEUZA kidogo! Imekuja?”

“Bado, ina chenga!”

“Na sasa?”

“Umepitisha, bwana! Rudisha... rudisha... Wacha hapo hapo!”

Aliyelelewa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kabla ya 2015 hahitaji kufafanuliwa mazungumzo haya. Mmoja yuko juu ya paa la nyumba ya Jericho, Maringo au Mbotela, ameukumbatia mti wa antena. Wa pili amesimama dirishani kupokeza ujumbe. Wa tatu ameketi mbele ya runinga, na huyo ndiye hakimu. Tangu matangazo ya runinga yaanze nchini mwaka 1962 kutoka kituo kilichokuwa Limuru, hadi mitambo ya analogi ilipozimwa 2015, kizazi baada ya kizazi kilijifunza fizikia juu ya paa bila kuambiwa kuwa hiyo ni fizikia.

Juzi nilimtazama kijana mmoja akifunga dishi kwenye jumba la ghorofa nne mtaani Umoja. Alipomaliza kulielekeza angani, alilegeza nati ya kile kichwa kidogo kiitwacho LNB, akakizungusha kidogo tu, mfano wa mtu anayefungua kifuniko cha chupa, huku jicho likiwa kwenye kipimo chake. Nikamuuliza mbona anakizungusha ilhali dishi limeshalenga setilaiti.

“Limelenga sawa,” akanijibu, “lakini mawimbi yamekaa vingine. Lazima hii nayo ikae vile yamekaa.” Kisha akacheka. “Na Fizikia nilipata E!”

Jibu lake ndilo lililozaa makala haya. Wapenzi wa Kiswahili tumebishana mara nyingi kuhusu madai kwamba lugha yetu haina maneno ya sayansi. Leo nataka tuyapime madai hayo kwa kufuata historia ya jambo moja tu: jinsi uga wa sumaku unavyouzungusha mwanga. Jambo lenyewe liligunduliwa London mwaka 1845, ila njia yake inapita Malindi, Longonot na Mombasa kabla ya kufika juu ya paa la Umoja. Na tangu mwanzo, sehemu kubwa ya utata wake imekuwa utata wa maneno.

Kosa lililogeuka istilahi

Kwanza tuone mawimbi ‘hukaa’ vipi. Chukua kamba ya kurukia, wewe ushike upande mmoja na mwenzako upande wa pili. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linalokwenda kwa mwenzako limesimama. Ukiitikisa kushoto na kulia, wimbi limelala. Safari ni ile ile, lakini mkao ni mwingine. Sasa pitisha kamba hiyo katikati ya nondo za dirisha. Nondo zilizosimama zitaliachilia wimbi lililosimama na kulizuia lililolala.

Mwanga ni wimbi la jinsi hiyo, na mawimbi ya redio ni ndugu yake wa damu. Mwanga wa jua au wa taa ya kawaida umechanganyika, unatikisika kila upande kwa pamoja. Ukiuchuja ukabaki na mtikisiko wa upande mmoja tu, umeupa mkao. Ndiyo maana vijiti vya antena ya zamani ilibidi vilale au visimame kulingana na mawimbi ya kituo, hata baada ya antena kuelekezwa Limuru barabara.

Wazungu waliliitaje jambo hili? Mwaka 1808, Mfaransa Étienne-Louis Malus, mhandisi wa kijeshi aliyekuwa ameandamana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, alikuwa nyumbani kwake Paris jioni jua likizama. Alitazama kupitia kipande cha fuwele kutoka Iceland mwanga uliokuwa ukiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Fuwele hiyo kwa kawaida huonyesha kila kitu mara mbili. Malus alipoizungusha, aliona picha moja ikififia na nyingine ikikolea, halafu zikabadilishana. Mwanga ulioakisiwa na kioo ulikuwa umepata mkao.

Malus aliamini mwanga ni mvua ya chembe ndogo ndogo. Alidhani chembe hizo zina ncha, kama sumaku ilivyo na ncha ya kaskazini na ya kusini, na kwamba kioo kilikuwa kimezipanga ncha hizo zikaelekea upande mmoja. Kwa hiyo mwaka 1811 akaliundia jambo hilo neno la Kifaransa linalotokana na ‘ncha’. Waingereza wakalichukua. Waarabu nao, walipolitafsiri baadaye, walifuata njia hiyo hiyo: istiktabu, kutokana na kutbu, yaani ncha.

Tatizo ni kwamba mwanga hauna ncha. Kufikia mwaka 1821, Mfaransa mwenzake Augustin Fresnel alikuwa amebainisha kwamba mambo haya yanaeleweka tu ikiwa mwanga ni wimbi linalotikisika kukingamana na njia yake. Nadharia ya ncha za mwanga ikaanguka, lakini neno lilikuwa limeshashika mizizi. Hadi leo wanafunzi wa fizikia duniani kote hutumia neno lililojengwa juu ya kosa, kisha huambiwa na mwalimu wasilichukue kwa maana yake ya asili.

Mwana wa mhunzi

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi, na lau angekuwa Nairobi tungemtafuta Kamukunji kunakogongwa masufuria na masanduku ya mabati. Shule ya Faraday ilikuwa ya kuokoteza. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia uanagenzi wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyopewa ajalidi. Hisabati ya juu hakuijua maisha yake yote. Alichokuwa nacho ni mikono, macho na ukaidi.

Kwa miaka mingi aliamini kuwa nguvu za maumbile zina nasaba moja: umeme, sumaku na mwanga ni jamaa. Mwaka 1822 alijaribu kuona iwapo umeme utaathiri mwanga uliochujwa, akashindwa. Akarudia miaka ya 1830, akashindwa. Tarehe 6 Agosti 1845, kijana wa miaka 21, William Thomson, ambaye baadaye angeitwa Lord Kelvin, alimwandikia barua akimuuliza kuhusu jambo lilo hilo. Mzee akarudi kwenye meza yake ya kazi.

Tarehe 13 Septemba 1845, Faraday aliwasha taa ya mafuta, akauakisi mwanga wake kwenye kioo ili kuupa mkao, kisha akautazama kupitia fuwele iliyozungushwa hadi taa isionekane kabisa. Ni kama nondo zilizosimama zikipelekewa wimbi lililolala. Kati ya taa na jicho aliweka vitu mbalimbali vinavyopitisha mwanga, vikiwa karibu na sumaku kubwa ya umeme. Hakuona kitu.

Ndipo akakumbuka kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe miaka ya 1820, katika mradi wa kutafuta kioo bora cha darubini, mradi uliomla muda mwingi bila faida ya maana. Akakiweka hapo. Alipowasha umeme, taa ikaonekana gizani. Alipouzima, ikapotea. Sumaku ilikuwa imeuzungusha mkao wa mwanga. Kwa mara ya kwanza, mwanadamu alikuwa amethibitisha kwa jicho kwamba sumaku na mwanga vina uhusiano. Miaka 20 baadaye, James Clerk Maxwell angeyaweka yote kwenye hisabati na kuonyesha kuwa mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku.

Kichwa kilichohitaji tanbihi

Hapa ndipo msomaji wa ukumbi wa lugha anapopaswa kukaa chonjo. Faraday alipoandika matokeo yake, makala yake aliyapa kichwa kilichozungumzia ‘kutiwa sumaku kwa mwanga’ na ‘kuangazwa kwa mistari ya nguvu za sumaku’. Watu wakalalamika. Kwani mwanga umekuwa sumaku? Je, mistari ya sumaku sasa inang’aa? La hasha. Ikabidi Faraday aongeze tanbihi ya kufafanua alichomaanisha, akikiri kwamba kichwa kile kimewapotosha wengi. Jaribio lake halikuwa na ila, lakini jina lilichechemea.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kuhangaika na maneno. Mwaka 1834, alipokuwa akichunguza umeme unavyopita katika maji yenye chumvi, alikosa majina ya vitu alivyoviona. Kigiriki hakukijua. Akamwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge, kumwomba msaada. Miongoni mwa majina ambayo Faraday alikuwa ameyafikiria ni yale yenye maana ya ‘njia ya mashariki’ na ‘njia ya magharibi’. Whewell akampa mengine: anodi, njia ipandayo, na kathodi, njia ishukayo. Akampa pia ioni, maana yake ‘kinachokwenda’.

Kwa hivyo anayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi na kwamba Kiingereza kinayo, aulizwe: mwaka 1833 Kiingereza kilikuwa na ‘anodi’? Hakikuwa nayo. Mwana wa mhunzi aliyekwama alimwendea mjuzi wa lugha, wakakaa, wakaandikiana barua, wakaunda. Maneno hayakuota yenyewe kama uyoga.

Wakimbiaji wawili wa Camp Toyoyo

Lakini sumaku huuzungushaje mwanga? Nenda uga wa Camp Toyoyo, Jericho, asubuhi wachezaji wanapofanya mazoezi. Chukua wakimbiaji wawili, waanzie langoni, mmoja azunguke uga kwa kulia na mwingine kwa kushoto. Iwapo kasi yao ni sawa, watapishana upande wa pili, kisha watakutana tena pale pale langoni, kila mzunguko. Sasa mmoja akiwa na kasi kidogo kumzidi mwenzake, mahali pa kukutana patasogea. Mzunguko wa kwanza watakutana hatua chache kando ya lango, wa pili hatua chache zaidi, na kadhalika.

Mwanga wenye mkao ulionyooka unaweza kuchukuliwa kuwa ni mawimbi mawili yanayosafiri pamoja, moja likijizungusha kulia na jingine kushoto. Mahali yanapokutana ndipo penye mkao. Uga wa sumaku, ukielekea njia ile ile anayoifuata mwanga, huzigusa elektroni zilizo ndani ya kioo kiasi kwamba wimbi moja hutangulia na jingine hubaki nyuma kidogo. Mahali pa kukutana panasogea. Ndivyo mkao unavyozunguka. Sumaku ikiongezwa nguvu, au njia ikirefushwa, mzunguko nao huongezeka.

Kuna ajabu nyingine. Maji ya sukari pia huuzungusha mkao wa mwanga, lakini mwanga ukirudi kwa njia ile ile, yanaurudisha ulivyokuwa, kama skrubu inayokazwa kisha ikalegezwa. Sumaku haifanyi hivyo. Mwanga ukirudi, sumaku huendelea kuuzungusha kuelekea upande ule ule, na pembe inakuwa maradufu. Faraday mwenyewe aliitumia sifa hii mwaka 1846, akauakisi mwanga kwenda na kurudi mara kadhaa ndani ya kioo ili pembe ndogo iwe kubwa. Tuliweke jambo hili akibani, tutalihitaji tukifika Mombasa.

Nimetumia neno ‘uga’ makusudi. Wanamichezo hulitumia kila siku kwa kiwanja: uga wa Nyayo, uga wa Kasarani. Katika istilahi za fizikia ya Kiswahili, uga ni eneo ambamo nguvu fulani, kama ya sumaku, inahisika. Ni neno la nyumbani lililopewa kazi ya pili, na linaifanya vizuri. Faraday naye alifanya vivyo hivyo: alichukua neno la Kiingereza la shamba au kiwanja, akalipa sumaku.

Kioo kikubwa kilicho juu yetu

Kioo cha Faraday kilitosha kiganjani. Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu hadi mamia ya kilomita, kuna ‘kioo’ kingine kikubwa: ionosfea, tabaka la hewa ambamo mwanga mkali wa jua huzichomoa elektroni kutoka kwenye atomi. Angalia jina lake: limebeba ile ioni ya mwaka 1834. Dunia nayo ni sumaku. Ukiwa na elektroni na sumaku, wimbi la redio linalopita humo litazungushwa mkao wake, sawa na mwanga ulivyozungushwa kule London.

Elektroni hizo huongezeka mchana na kupungua usiku, na ukanda wetu wa ikweta ni miongoni mwa sehemu zilizo nazo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo mzunguko wa saa saba mchana si ule wa saa kumi alfajiri. Ukipima mzunguko huo, unaweza kupiga hesabu ya elektroni zilizo njiani.

Ndiyo sababu wanasayansi walilipenda anga la Afrika Mashariki. Tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka Kenya, na ilibeba kifaa cha kupima msongamano wa hewa pamoja na kisambaza mawimbi cha kuichunguza ionosfea. Mwaka 1975 Wamarekani waliisogeza setilaiti yao ya ATS-6 hadi digrii 35 mashariki, juu ya ikweta, mashariki kidogo ya Kisumu, umbali wa takriban kilomita 36,000 angani. Kazi yake kuu ilikuwa kupeleka vipindi vya elimu katika vijiji vya India, lakini ilikuwa pia na mawimbi maalumu ya kupimia elektroni za ionosfea, na mbinu mojawapo ilikuwa mzunguko huu wa Faraday.

Kwa mwanasayansi mzunguko huo ni kipimo, ila kwa mhandisi wa simu ni kero. Kituo cha ardhini cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilianza kazi mwaka 1970, kikiiunganisha Afrika Mashariki na setilaiti za Intelsat. Kabla yake, simu za ng’ambo zilitegemea redio za masafa mafupi zenye mikwaruzo na kukatika. Dishi la Longonot lenye kipenyo cha kama mita 30 lilipokea mawimbi ya takriban gigahezi 4. Kwa masafa hayo ionosfea inaweza kuzungusha mkao kwa digrii chache, na kiasi hicho hubadilika kutoka saa moja hadi nyingine. Nani angepanda pale kila saa kuzungusha kichwa cha dishi la ukubwa ule?

Intelsat walitumia mawimbi yenye mkao wa kuzunguka, yaani wimbi linalojizungusha lenyewe likisafiri, kama keekee inayotoboa mbao. Kitu kinachozunguka tayari hakina upande wa kupotoshwa. Ukimwongeza mzunguko, hapotezi chochote. Hiyo ni sababu mojawapo ya uteuzi huo. Mawimbi ya GPS, yanayokuja kwa gigahezi moja na nusu hivi, yana mkao huo huo wa kuzunguka kwa sababu hiyo hiyo. Mhudumu wa bodaboda anayemtafuta mteja Donholm au Kayole kwa ramani ya simu anaongozwa na mawimbi yaliyotengenezwa yasipotoshwe na uvumbuzi wa mwana wa mhunzi.

Na yule kijana wa Umoja? Dishi lake hupokea mawimbi ya gigahezi 11 au 12. Mzunguko wa ionosfea hupungua haraka masafa yakipanda: masafa yakiwa maradufu, mzunguko unabaki robo. Kwa gigahezi moja unaweza kupita digrii 100, lakini kwa gigahezi 12 hata digrii moja haufiki. Ndiyo maana setilaiti za runinga zinaweza kutumia mkao wa kusimama na wa kulala, zikapitisha stesheni maradufu katika masafa yale yale, na fundi akakizungusha kichwa cha dishi mara moja, akakaza nati, akalipwa, akaenda zake. Mwelekeo wa kwanza ameutafuta kwa kuwa setilaiti na paa la Umoja haviko mahali pamoja duniani. Ionosfea haimsumbui.

Mlango wa upande mmoja

Tumefika Mombasa. Mwaka 2009 mikonga ya TEAMS na SEACOM ilitua katika pwani yetu. TEAMS ilivutwa kutoka Fujairah, Muungano wa Milki za Kiarabu, kilomita zipatazo 5,000 chini ya bahari. Ndani ya mikonga hiyo hakupiti umeme wa simu za zamani. Kunapita mwanga, katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele.

Mwanga huo huchoka njiani, hivyo kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa cha kuukuza. Lakini mkuzaji ana adui: mwanga unaoakisiwa ukarudi nyuma, ukakuzwa nao, ukavuruga mawasiliano. Panahitajika mlango unaoruhusu kwenda na kukataza kurudi. Mlango huo umejengwa kwa ajabu tuliyoiweka akibani. Mwanga unapita kwenye kichujio, halafu kwenye fuwele iliyo katika uga wa sumaku inayouzungusha digrii 45, kisha unatoka kupitia kichujio cha pili kilichoinamishwa digrii hizo hizo. Ukijaribu kurudi, fuwele huuzungusha tena digrii 45 upande ule ule. Unafika kwenye kichujio cha kwanza ukiwa digrii 90 kutoka mkao unaoruhusiwa. Nondo zimesimama, wimbi limelala. Hapiti mtu.

Mwanafunzi wa Dandora anayepakua maswali ya mtihani katika saiba ya karibu, au mama anayezungumza kwa video na bintiye aliye Doha, anapitia milango kama hiyo bila kujua.

Nani ataunda neno?

Turejee kwa neno lililotuleta. Mpaka hapa nimetumia ‘mkao’ nikisema mkao wa mwanga, mkao uliosimama, mkao wa kuzunguka. Naamini msomaji amenifuata bila kamusi, na sikulitoa kichwani mwangu bali mdomoni mwa fundi: ‘yamekaa vingine’.

Tuna kazi kubwa iliyotangulia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kila mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili ana deni kwa wanaistilahi wale. Sipendekezi tuwapuuze. Nasema istilahi hazina mwisho, na tunapoendelea kuziunda tuna njia tatu. Ya kwanza ni kulitohoa neno la Kizungu. Ya pili ni kulitafsiri lilivyo, tukajenga juu ya ‘ncha’, na hapo tutakuwa tumelirithi kosa la Malus pamoja na neno lake. Ya tatu ni kuuliza jambo lenyewe ni nini, na wanaoligusa kila siku wanaliitaje.

Mtu atauliza: kwa nini si ‘ulalo’? Kwa sababu wanahisabati wamekwisha kulichukua kwa mstari unaokata pembe hadi pembe, na pia wimbi lililosimama kuliita lina ‘ulalo’ ni kichekesho. ‘Mwelekeo’ nao tunauhitaji kwa njia ambayo wimbi linaifuata, na fundi wetu ametuonyesha kwamba hayo ni mambo mawili: dishi lilikuwa limeelekea sawa, ila mkao haukuwa sawa. Yeye aliyepata E ametofautisha kwa Kiswahili chepesi kitu ambacho neno la Malus limekuwa likikivuruga kwa zaidi ya miaka 200.

Si mzaha jambo hili. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini fizikia ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza kitupu. Kijana anatoka darasani akiamini kwamba anachokijua kwa mikono si elimu, na kwamba elimu ni kile asichoweza kukisema. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na dishi kuukuu la Longonot limetajwa katika mipango ya kuyageuza madishi ya simu kuwa darubini za kuchunguza nyota. Mojawapo ya kazi za darubini hizo ni kupima mzunguko wa Faraday katika mawimbi yanayotoka mbali sana angani, ili kuchora ramani ya uga wa sumaku wa kundi letu la nyota. Dishi lililowekewa mkao wa kuzunguka ili kuukwepa mzunguko huo, huenda siku moja likaajiriwa kuutafuta.

Litahitaji mafundi. Nani atakuwa amewaambia kwamba kazi hiyo wanaijua tayari?

Faraday alimwandikia Whewell kwa kuwa fundi alimhitaji mjuzi wa maneno. Kwetu barua imechelewa, na pengine sisi wa maneno ndio tunaopaswa kuandika kwanza. Basi nawaandikia mafundi wa antena, madishi na nyaya wa Umoja, Kariobangi, Buruburu na Makadara: kile kichwa cha dishi mnakiitaje mkiwa peke yenu juu ya paa? Ile nambari ya kwenye kipimo je? Na mawimbi yakikaa vibaya, nyinyi husemaje? Tuleteeni maneno hayo, nasi tuyapime.